Kuchagua programu ya kuonyesha skrini kwenye darasa la kompyuta: mwongozo kwa anayeanza

Swali huwa lilelile: "Nina kompyuta ishirini na kitu, wanafunzi wa nyuma hawaoni ninachofanya, niweke programu gani?" Anayepewa jina la programu peke yake hurudi baada ya wiki mbili na maswali mengine: mbona picha inakwama, mbona kompyuta sita hazionekani, mbona programu imeanza kudai malipo. Nimeyajibu haya mara nyingi hadi nikaona heri niziweke hatua zote mahali pamoja, kwa mpangilio uleule ninaoufuata ninapoitwa kuandaa chumba.

Nianze na jambo litakalokuokolea muda: jina la programu huja mwisho. Kwanza jua kazi unayotaka ifanyike, kisha hali ya mtandao wa chumba, kisha mfumo endeshi ulio kwenye kompyuta za wanafunzi. Ukishayajua haya matatu, programu zinazokufaa zitabaki mbili au tatu.

Mwongozo huu unahusu chumba ambacho mwalimu na wanafunzi wamo pamoja. Kufundisha watu walio mbali ni habari nyingine, na nitaigusa kidogo tu.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Nenosiri la msimamizi la kila kompyuta. Bila hilo huwezi kusakinisha kitu kitakachoanza chenyewe kompyuta inapowashwa.
- Orodha ya kompyuta: jina la kila moja, mfumo endeshi na toleo lake, ukubwa wa RAM, na kama inatumia waya au Wi-Fi. Daftari linatosha.
- Ruhusa ya kuingia kwenye ruta, au mawasiliano ya mtu anayeisimamia.
- Kompyuta mbili za majaribio, na mojawapo iwe ile dhaifu kuliko zote chumbani. Programu ikienda vizuri kwenye kompyuta mpya haijakuambia chochote.
- Flashi, na saa mbili au tatu ambazo chumba hakina kipindi.
- Kibali cha uongozi wa shule au chuo. Programu nyingi za aina hii humwezesha mwalimu kutazama skrini za wanafunzi, kwa hiyo usiziweke kimyakimya.

Hatua ya 1: Andika kazi unayotaka ifanyike

Watu husema "kushiriki skrini" wakimaanisha mambo tofauti kabisa. Chukua karatasi uweke alama kwenye yale unayoyahitaji kweli:

- kuonyesha skrini ya mwalimu kwenye skrini zote za wanafunzi;
- kutazama skrini za wanafunzi wote kwa pamoja, zikiwa ndogondogo;
- kushika kipanya na kibodi ya mwanafunzi aliyekwama ili umsaidie;
- kufunga skrini zote unapotaka wakusikilize;
- kumwonyesha mwanafunzi mmoja darasa zima;
- kusambaza na kukusanya faili;
- kuwasha na kuzima kompyuta zote kutoka mezani kwako.

Walimu wengi, wakijibu kwa ukweli, huweka alama kwenye tatu za kwanza na ile ya kufunga skrini. Basi usivutwe na programu yenye vitufe arobaini. Kila kitufe usichokitumia ni kitu kingine cha kuharibika.

Halafu fanya jaribio dogo kabla ya kwenda mbele. Kama una projekta, fungua hati kwa ukubwa unaoutumia siku zote, kisha nenda ukakae kiti cha nyuma kabisa. Ukisoma bila kukunja macho, huenda huhitaji kuonyesha skrini kabisa. Unahitaji kutazama na kusaidia tu. Usiposoma, jaribu kukuza: kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na alama ya kujumlisha, kikuza skrini kitafunguka. Nimeona vyumba viwili ambavyo tatizo liliishia hapo.

Mwisho andika unaonyesha nini. Maandishi na majedwali? Slaidi? Video? Jibu hili lina uzito kuliko yote, na hatua inayofuata itakuonyesha kwa nini.

Hatua ya 2: Pima mtandao wa chumba

Nadharia yote ya mwongozo huu ni hesabu moja. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina nukta zaidi ya milioni 2. Kila nukta ikichukua biti 24, picha moja nzima ni karibu megabiti 50. Ukituma picha 10 kwa sekunde ni megabiti 500, na ukiwatumia wanafunzi 30, kila mmoja nakala yake, ni megabiti 15,000 kwa sekunde. Hakuna chumba cha kawaida kinachobeba mzigo huo.

Programu huponea kwa njia mbili: hubana picha, na hutuma ile sehemu tu ya skrini iliyobadilika. Ukiandika sentensi kwenye hati, kinachobadilika ni mstari mmoja, na mtandao hauoni tabu. Ukicheza video kwenye skrini nzima, karibu kila nukta hubadilika kila mara, na hapo ndipo picha huanza kukatikakatika. Ndiyo maana programu ileile husifiwa na mwalimu wa majedwali na kulaumiwa na mwalimu wa uhariri wa video. Wote wawili wanasema kweli.

Sasa pima. Chukua faili la gigabaiti 1, liweke kwenye folda ya pamoja kwenye kompyuta ya mwalimu, kisha linakili kutoka kompyuta ya mwanafunzi huku ukitazama saa. Gigabaiti 1 ni megabiti 8,000. Kwenye mtandao wa megabiti 100 kwa sekunde kazi hiyo haiwezi kushuka chini ya sekunde 80 hata mambo yote yakiwa sawa. Kwenye mtandao wa gigabiti 1 huchukua kama sekunde 10 hadi 20, kutegemea diski. Ikichukua dakika tano, kuna ugonjwa kwenye mtandao, na hakuna programu itakayoutibu.

Kama swichi (kisanduku kinachounganisha waya za mtandao) na kadi za mtandao zote ni za gigabiti lakini bado unapata sekunde themanini na kitu, shuku waya. Gigabiti hutumia jozi zote 4 zilizomo ndani ya kebo, megabiti 100 hutumia jozi 2. Jozi moja ikikatika, au plagi ikibanwa vibaya, mara nyingi kompyuta hushuka hadi 100 na kuendelea kufanya kazi bila kutoa onyo lolote. Anza na waya wa kompyuta ya mwalimu, maana nakala zote za picha hutokea kwake. Mtandao wa chumba unaweza kuwa mzuri huku mlango wa mwalimu ukiwa mwembamba.

Kuhusu Wi-Fi nitasema wazi: kwa chumba chenye kompyuta zaidi ya kumi, vuta waya ukiweza. Vifaa vya Wi-Fi hupokezana zamu hewani, kwa hiyo wanafunzi 25 wanaotazama skrini moja wanagawana njia moja. Ikiwa huna namna, basi angalau kompyuta ya mwalimu iwe kwenye waya. Chunguza pia kama ruta imewekewa utenganisho wa vifaa, yaani mpangilio unaoruhusu kila kifaa kufika kwenye intaneti lakini unazuia vifaa visionane. Mpangilio huu ni mzuri hotelini, lakini darasani unaua kila kitu. Kujua ni rahisi: kutoka kompyuta ya mwalimu fungua dirisha la amri uandike *ping* na anwani ya IP (namba inayoitambulisha kompyuta kwenye mtandao) ya kompyuta ya mwanafunzi. Kusipokuwa na jibu, jaribu kutoka kompyuta ya tatu, na kama hakuna anayejibiwa, kaangalie mipangilio ya ruta. Kumbuka tu kwamba wakati mwingine faiawoli ya Windows (kinga inayochuja mawasiliano) huzuia ping hata mtandao ukiwa mzima, kwa hiyo izime kwa muda kwenye kompyuta ya majaribio kabla ya kuilaumu ruta, kisha iwashe tena.

*Kosa la kawaida:* kupima mtandao chumba kikiwa kitupu. Pima tena kompyuta zote zikiwa zimewashwa na watu wakizitumia.

Hatua ya 3: Acha mfumo endeshi ukupunguzie orodha

Windows peke yake: una uhuru mkubwa zaidi, karibu programu zote za madarasa zinaikubali.

Linux peke yake: orodha hupungua, lakini zilizobaki ni nzuri na hazina malipo. Angalia jambo moja mapema. Programu nyingi za kazi hii zilijengwa kutegemea Xorg, mfumo wa zamani wa kuchora skrini kwenye Linux, na matoleo mapya ya Linux huingia kwa Wayland, mfumo mpya wa kazi hiyohiyo, ambao hauruhusu programu moja kuisoma skrini nzima kiholela. Matokeo yake ni skrini nyeusi. Kwenye Ubuntu 24.04 bado unaweza kuchagua Xorg kwenye ukurasa wa kuingia, ila Ubuntu 25.10 imeondoa chaguo hilo kwa GNOME, eneo-kazi lake la kawaida. Kwa hiyo kwa maabara ninapendelea toleo la 24.04, au eneo-kazi la Xfce.

Mchanganyiko wa Windows na Linux: tafuta programu moja inayoendesha pande zote mbili. Usijaribu kuoanisha programu mbili tofauti. Utatumia muda wa somo kurukaruka kati ya madirisha.

iPad na Mac: anza na Classroom ya Apple, ambayo haina malipo. Sitaiongelea zaidi.

Hatua ya 4: Bakisha programu mbili za kujaribu

Nitazitaja kwa makundi, pamoja na maoni yangu.

*Veyon.* Ni programu huria, haina ada ya leseni, inaendesha Windows na Linux. Ukikutana na miongozo ya zamani inayotaja iTALC, ujue ndiyo mama yake. Inafanya karibu kila kitu kwenye orodha ya hatua ya 1. Sauti haisafiri, na video nzito si kazi yake. Kwa vyumba vingi ndiyo ninayoanza nayo, na mara nyingi sihitaji kwenda mbali zaidi.

*Epoptes.* Ni huria pia, kwa Linux. Uzuri wake ni kwamba kompyuta za wanafunzi ndizo zinazomtafuta mwalimu, kupitia poti (mlango wa mawasiliano wenye namba) 789, kwa hiyo huhitaji kuandika anwani ya kila moja. Unasakinisha *epoptes* kwa mwalimu na *epoptes-client* kwa wanafunzi, unaandika jina la kompyuta ya mwalimu kwenye faili la mipangilio la kila mwanafunzi, unaendesha *sudo epoptes-client -c* ili cheti kivutwe, na basi. Usisahau kuiingiza akaunti ya mwalimu kwenye kundi linaloitwa epoptes. Wanaosahau huona dirisha linakataa kufunguka.

*Programu za kulipia kama NetSupport School na LanSchool.* Hizi ni za taasisi yenye bajeti na inayohitaji mitihani, ripoti na msaada wa simu. Zina toleo la majaribio. Kabla ya kukubali bei uliza mambo matatu: leseni ni ya kila mwaka au ya kudumu, inahesabu vifaa au walimu, na intaneti ikikatika programu inaendelea kufanya kazi? Baadhi ya programu za aina hii hutuma picha mara moja kwa wote badala ya nakala kwa kila mmoja. Njia hiyo inapendeza kwenye waya wenye swichi inayoielewa. Kwenye Wi-Fi hugeuka mzigo, kwa sababu ujumbe wa kwenda kwa wote kwa kawaida hutumwa kwa kasi ya chini.

*Zoom, Google Meet na Microsoft Teams.* Kwa watu walio mbali ni sawa. Kwa watu waliomo chumba kimoja, picha inatoka kwako, inakwenda kwenye intaneti, inarudi mara thelathini kupitia mlango uleule. Kila mtazamaji akivuta megabiti 1, ni megabiti 30 kwa darasa moja. Mikutano ya bure ya Zoom hukatika baada ya dakika 40. Na maikrofoni zikisahauliwa wazi, chumba kizima hupiga kelele ya mwangwi.

*TeamViewer na AnyDesk.* Zimetengenezwa kwa mtu mmoja kumsaidia mwingine. Matumizi ya bure ni kwa mtu binafsi, na darasa si mtu binafsi. Usijenge maabara juu ya leseni ambayo huna.

*VNC tupu, kama TightVNC.* VNC ni mfumo wa kutazama na kuendesha skrini ya kompyuta nyingine kupitia mtandao. Kwa kompyuta tano inatosha. Kumbuka tu kwamba nenosiri la VNC ya kawaida husoma herufi 8 za kwanza, zinazobaki hazihesabiwi, na mawasiliano yenyewe hayafichwi.

*Remote Desktop ya Windows.* Iache. Ukiingia nayo kwenye kompyuta ya mwanafunzi, skrini iliyo mbele yake hujifunga. Yaani yule unayetaka aone ndiye anayefungiwa.

Hatua ya 5: Sakinisha kwenye kompyuta mbili tu

Nitaonyesha kwa Veyon kwa sababu ndiyo wanayoiuliza wengi. Mpangilio wa kazi hautofautiani sana kwa nyingine.

1. Kwenye kompyuta ya mwalimu sakinisha sehemu zote. Kwenye ya mwanafunzi ondoa alama kwenye Veyon Master, ubakize huduma inayokaa nyuma. Master ni meza ya mwalimu, mwanafunzi hana haja nayo.
2. Fungua Veyon Configurator kwa mwalimu. Kwenye uthibitishaji chagua njia ya faili za funguo, kisha tengeneza jozi ya funguo: mmoja wa siri, mmoja wa wazi.
3. Toa ufunguo wa wazi peke yake, uuweke kwenye flashi, uupeleke kwa mwanafunzi na kuuingiza kwa Configurator.
4. Rudi kwa mwalimu, ongeza chumba, kisha ongeza kompyuta: jina na anwani ya IP.
5. Hifadhi mipangilio kuwa faili, uifungue kwenye kompyuta ya mwanafunzi. Hii itakufaa sana ukifika kompyuta ya kumi na tano.
6. Fungua Master. Ndani ya sekunde chache picha ndogo ya skrini ya mwanafunzi inapaswa kutokea.

*Onyo kubwa:* usinakili folda nzima ya funguo. Watu hufanya hivyo kwa haraka, na ufunguo wa siri husambaa kwenye kompyuta zote. Mwenye ufunguo wa siri anaweza kufanya kila anachofanya mwalimu. Ukigundua umefanya hivyo, futa jozi hiyo utengeneze nyingine. Kufuta nakala hakutoshi.

Sasa zima kompyuta ya mwanafunzi, iwashe, uingie kwa akaunti ya mwanafunzi. Nasisitiza hapa kwa sababu yalinikuta: niliwahi kumaliza kompyuta 24 nikijaribu kwa akaunti ya msimamizi, kila kitu kikawa sawa, na asubuhi darasa lilipoingia kwa akaunti zao hakuna hata moja iliyoonekana. Ufunguo ulikuwa umewekwa mahali ambapo msimamizi peke yake anapasoma. Nilirudia zote 24.

Hatua ya 6: Jaribu kama unavyofundisha

Usiishie kufungua dirisha na kusema "inaonekana". Chukua dakika kumi za somo lako halisi: andika, sogeza dirisha, pitisha slaidi, shuka kwenye ukurasa mrefu, na kama huwa unacheza video, icheze.

Kuna njia rahisi ya kupima kuchelewa kwa picha. Fungua saa yenye sekunde kwenye skrini ya mwalimu, ionyeshe kwa mwanafunzi, weka skrini mbili karibu, zipige picha kwa simu zikiwa zote ndani ya picha moja. Toa sekunde moja kutoka kwa nyingine. Chini ya sekunde 1 ni nzuri kwa kazi zote. Sekunde 2 inavumilika kwa slaidi. Ikizidi 3, mwanafunzi ataona menyu uliyofungua wakati wewe umeshaifunga, na atauliza swali ambalo jibu lake umeshalipita.

Kisha jaribu mambo mabaya kwa makusudi. Funga skrini ya mwanafunzi halafu chomoa waya wa mtandao: kunatokea nini? Zima kompyuta ya mwalimu ghafla katikati ya kuonyesha: skrini ya mwanafunzi inarudi kwake? Haya yatatokea mbele ya darasa siku moja, na afadhali uwe umeyaona ukiwa peke yako.

Ukiridhika na mbili, panda hadi tano, kisha kumi. Matatizo ya mtandao hujitokeza kati ya tano na kumi, si kwenye mbili. Kompyuta dhaifu ikianza kukwama, punguza ukubwa wa skrini ya mwalimu kabla ya kukimbilia programu nyingine. Skrini ya 4K ina nukta mara nne ya ile ya 1920 kwa 1080, na wanafunzi hawafaidi chochote kwa sababu skrini zao ni ndogo kuliko hiyo. Hata maandishi husomeka vizuri zaidi ukiishusha.

Hatua ya 7: Sakinisha zilizobaki

Kwanza hakikisha ruta inaipa kila kompyuta anwani ileile siku zote. Mpangilio huo kwa kawaida upo pale penye DHCP, sehemu ya ruta inayogawa anwani. Usipofanya hivyo, leo kompyuta ya dirishani itakuwa namba 12 na kesho namba 19, na utamfungia skrini mtu ambaye hukumkusudia.

Andika namba kwenye karatasi ubandike juu ya kila kompyuta, na namba hiyo iwe ndiyo jina lake ndani ya programu. Wapange kwenye dirisha la Master kama walivyokaa chumbani. Utaona picha ya skrini iliyokwama na miguu itajua pa kwenda bila kuuliza.

Kama kompyuta zilitengenezwa kwa kunakili diski moja, badilisha jina la kila moja kabla ya kusakinisha. Kwenye Windows, Veyon inaweza kusakinishwa bila maswali kwa kuongeza */S /NoMaster* baada ya jina la faili la usakinishaji kwenye dirisha la amri. Kwa chumba kikubwa hilo hupunguza kazi ya siku hadi saa moja.

Hatua ya 8: Waambie wanafunzi

Siku ya kwanza waonyeshe. Weka dirisha la Master kwenye projekta ili waone kile mwalimu anachokiona. Waambie inatumika wakati wa kipindi tu, na kwamba ukitaka kushika kipanya cha mtu utamwomba kwanza. Walimu wanaotumia chumba hicho nao wakubaliane: hakuna kutazama mtu anapoandika nenosiri au kusoma barua pepe yake, hakuna kuhifadhi picha za skrini za wanafunzi bila sababu ya somo. Mwanafunzi anayejua anatazamwa na kwa nini huomba msaada kwa urahisi zaidi. Anayegundua mwenyewe huanza kuchomoa waya.

Mambo yakigoma

*Kompyuta moja haionekani kabisa.* Anza na waya, kisha ping. Ping ikijibu, angalia kama Windows imeuweka mtandao huo kuwa wa umma. Ubadilishe uwe wa binafsi. Halafu angalia kama faiawoli inaruhusu poti 11100 kwenye kompyuta ya mwanafunzi, ambayo ndiyo Veyon husikilizia.

*Mimi nawaona, wao hawanioni.* Hili linawachanganya wengi. Ukitazama wanafunzi, wewe ndiye unayebisha hodi kwao. Ukionyesha skrini yako, wao ndio wanaokuja kwako, kupitia poti 11400. Fungua poti hiyo kwenye faiawoli ya kompyuta ya mwalimu. Usihangaike na kompyuta thelathini wakati tatizo lipo kwenye moja.

*Skrini nyeusi.* Kwenye Linux, hakikisha umeingia kwa Xorg. Kwenye Windows, kama weusi ni kwenye dirisha la video tu, huenda video hiyo imelindwa isinakiliwe. Tumia projekta au faili lisilo na ulinzi. Kwenye laptopu, angalia kama skrini imezimwa ili kuokoa umeme.

*Picha inakwama kwa wote kwa wakati mmoja.* Tazama upande wa mwalimu: yuko kwenye Wi-Fi? Kuna faili kubwa linashushwa? Punguza ukubwa wa skrini, ondoa picha za nyuma zinazocheza, na kwenye Veyon ongeza muda kati ya picha ndogo kutoka sekunde 1 hadi 3. Video zipeleke kwa njia nyingine: sambaza faili mapema, kila mwanafunzi alicheze kwenye kompyuta yake kwa ishara yako.

*Picha inakwama kwa mmoja.* Badilishana waya na jirani yake. Tatizo likihama, ni waya. Likibaki, ni kompyuta, na mara nyingi ni RAM iliyojaa.

*Jana ilifanya kazi, leo hapana.* Anwani imebadilika, au Windows imejisasisha na kuurudisha mtandao kuwa wa umma, au antivirusi imeikamata programu. Antivirusi nyingi huzishuku programu zinazosoma skrini. Iweke kwenye orodha ya zinazoruhusiwa, usiizime antivirusi yenyewe.

*Namba mbili zinaonyesha skrini ya mtu mmoja.* Majina au anwani zinafanana, karibu kila mara kwa sababu diski ilinakiliwa. Badilisha jina, washa upya, rekebisha orodha ya Configurator.

*Skrini ya mwanafunzi imebaki imefungwa.* Kutoka Master ifunge tena, kisha ifungue. Isipokubali, mwambie mwanafunzi asizime kwa kitufe cha umeme kwanza, kwa sababu kazi yake ambayo hajaihifadhi bado iko hai nyuma ya pazia hilo. Rudisha waya wa mtandao kama umechomoka, subiri dakika moja, ujaribu tena kutoka mezani kwako. Kuzima na kuwasha kuje baada ya hapo.